Baba yangu mwalimu wa English alipoteza maneno baada ya stroke, yakabaki ya "look" tu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Napita, nacheka na comments zenu, natoka. Leo nimeamua kuandika, na nitaandika kama ilivyokuwa. Sitaongeza chumvi, na pale ambapo sikumbuki vizuri nitasema sikumbuki.

Wale wa "weka summary", shukeni hadi chini, sitakasirika sana.

Jina langu nalitaja kwa sababu uzi wenyewe unalihusu. Naitwa Zainabu. Nafanya kazi reception kwenye lodge moja pale Mikumi, ila kwetu ni Kilosa mjini, Magomeni.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hizi hizi zetu za serikali, za Kayumba. Alifundisha English hadi anastaafu, na mimi mwenyewe alinifundisha darasa la sita na la saba.

Sasa kwa wale waliokimbia umande, niwaeleze kidogo kuhusu "look".

Look peke yake ni tazama. Ukiiongezea "after" imekuwa tunza. Ukiweka "for" ni tafuta. "Look out" ni chunga, kuna hatari. "Look down on" ni kumdharau mtu, "look up to" ni kumheshimu, na "look forward to" ni kungojea jambo kwa hamu.

Yaani kitenzi ni kile kile, kijineno cha nyuma ndiyo kinageuza kila kitu. Wenye lugha yao walituonea.

Baba hakuwa mtu wa kujaza ubao. Alikuwa anaigiza.

Look for, anainama chini ya meza kutafuta chaki aliyoificha mwenyewe. Look out, anakwepa kama amerushiwa jiwe. Look down on, anapanda kwenye kiti na kutubetulia midomo kama sisi takataka.

Yeye anasema kwa English, darasa zima tunaitikia kwa Kiswahili. Akimaliza anamnyooshea mtu kidole, anataja jina lake, anasema, "Sentensi."

Hapo ndipo watu walikuwa wanaiombea kengele ilie.

Lakini hizo look ndizo zilizonipa kazi, sitaki kuwa mchoyo wa shukrani. Pale lodge siku nzima ni look. Mgeni anataka kujua nani ana-look after mabegi yake, mwingine ana-look for chaja. Na ukisikia mtu anapiga kelele "look out", ujue nyani ameshaingia reception na anatoka na bakuli la sukari. Hilo ni somo tunalolirudia kila wiki.

Turudi kwenye mada.

Masika iliyopita shangazi alinipigia simu nikiwa kazini. Shangazi ni dada yake baba na anaishi naye. Akaniambia baba ameanguka akitoka msikitini.

Ilikuwa stroke. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani. Upande wa kulia ukawa dhaifu, na maneno yakawa hayatoki. Daktari alinieleza kwa upole kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na kuongea imeumia. Maneno yanaweza kurudi, yanaweza kurudi machache, yanaweza yasirudi. Akasema tuwe tunaongea naye.

Neno moja lilibaki. "Marahaba."

Ukimwamkia shikamoo, anakujibu marahaba safi kabisa, kwa sauti yake ile ile. Majirani walikuwa wanakuja, wanamwamkia, wanajibiwa, wanaondoka wanasema mwalimu amepona.

Mimi kila nikipata off nilikuwa natoka Mikumi kwenda Kilosa. Na wakuu, nilikuwa namwamkia baba mpaka aibu. Nikiingia na uji, shikamoo baba. Nikitoka kuanika nguo, shikamoo baba. Nikirudi, shikamoo baba.

Shangazi akawa ananisema. "Wewe Zai, shikamoo gani hizo kutwa nzima? Utamchosha mgonjwa."

Nikamwambia, "Nataka tu kusikia sauti yake, shangazi."

Tatizo ni kwamba hiyo marahaba alimpa kila mtu. Mimi marahaba, jirani marahaba, muuza mkaa marahaba. Na macho yake yakinitazama yalikuwa na adabu tu, kama mtu anayemshukuru nesi.

Hapo ndipo palipokuwa pananiuma. Sikujua kama anajua kuwa mimi ni mimi.

Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba ndiye alinilea, yeye na shangazi. Jioni nikiwa nacheza kwa majirani alikuwa anasimama mlangoni ananiita, "Zainabuu," anaivuta ile u ya mwisho mpaka nafika. Mtaa mzima ulikuwa unajua Zai anaitwa.

Nilikuwa nataka hilo tu, aniite. Nilikuwa nimemmiss baba, na baba amekaa mbele yangu nampa uji kwa kijiko.

Tulijaribu mengi. Shangazi alimwongelesha Kisagara, lugha yao ya utotoni. Machozi yalimlengalenga, lakini hakujibu. Nilimwonyesha picha zangu nikiwa na sare ya shule, nikamuuliza, "Huyu nani, baba?" Akatabasamu, akanirudishia picha.

Niliingia jikoni nikalia. Shangazi alinikuta, akawasha redio, akaniacha.

Sasa siku moja asubuhi tuko uani. Baba kwenye mkeka, ameegemea mito, mimi nachagua mchele. Simu ikaita. Ni mgeni ambaye booking yake niliianza mimi, wenzangu wakampa namba yangu. Nikaongea naye hiyo English ya kazini, na mwishoni nikasema ile tunayoimalizia kila simu, "We look forward to welcoming you."

Kutoka kwenye mkeka nikasikia, "Look forward to."

Nikageuka. Baba amenyanyua nyusi, ananitazama, anangoja.

Yule mgeni sijui hata nilimuaga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba baba anangoja darasa liitikie.

"Kungojea kwa hamu," nikasema.

Akakubali kwa kichwa. "Look at."

"Tazama."

"Look after."

"Tunza."

"Look for." Na mkono wake wa kushoto, ule mzima, ukafunua pindo la kanga iliyokuwa miguuni mwake. Anatafuta chaki.

Naitikia huku machozi yananitoka. Shangazi akaja kutoka jikoni na mwiko wa ugali mkononi. "Anasema nini?"

"Anafundisha, shangazi."

Shangazi hajui English hata ya kuombea maji. Lakini alikaa kwenye kizingiti cha jiko, na baba alipozunguka tena kuanzia mwanzo, naye akawa anaitikia na mimi. Tazama. Tunza. Tafuta.

Baba alipofika mwisho akanyoosha kidole. Hakuninyooshea mimi. Alikinyoosha hewani, kati yangu na shangazi, akasema, "Masanja. Sentensi."

Wakuu, nilipata wivu. Nasema ukweli. Mtoto aliyezaliwa na baba huyu ni mimi, ninayemwosha na kumlisha ni mimi, halafu jina linalotoka kwanza ni la Masanja.

Masanja ni nani? Tulisoma naye. Familia yao ni Wasukuma, walihama kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wao wakaja kukaa nje kidogo ya mji. Alikuja shuleni Kiswahili chenyewe anakitafuta, English ndiyo usiseme.

Alikuwa na sentensi moja tu. "I look after the cows of my father." Muulize look for, anakupa ng'ombe wa baba yake. Muulize kitenzi kingine kabisa, ng'ombe wa baba yake. Darasa tunaanguka kwa kicheko, na baba anasema, "Safi. Kaa." Hakuwahi kumcheka.

Nikaingia kwenye group letu la WhatsApp la darasa la saba, nikaomba namba. Nikaambiwa Masanja siku hizi yuko Magole, analima na kufuga.

Nikampigia, nikamweleza hali ya mwalimu, nikamwambia ametajwa.

Akasema, "Mwalimu akiniita nitakataaje? Nakuja."

Alikuja na pikipiki, dumu la maziwa limefungwa nyuma. Jitu zima, ndevu, mabega mapana. Akavua kofia, akachuchumaa, akaushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Macho ya baba yalikuwa ya adabu, kama kwa kila mtu. Nikaogopa nimemsumbua mwanaume wa watu bure.

Nikaenda kukaa mahali pangu, kwenye mbuzi ya nazi pembeni ya mlango wa jiko, nikaanza mimi. "Look forward to."

Baba akaipokea. Akashika usukani, akatupeleka. Masanja mwanzoni aliona haya, baadaye sauti ikamtoka kama zamani. Shangazi naye yumo. Sauti zetu zilikuwa zinasikika mpaka barabarani, kuna watu walisimama kuchungulia.

Tukafika mwisho. Kidole kikanyooka.

"Masanja. Sentensi."

Masanja akasimama wima, mikono pembeni. "I look after the cows of my father."

Halafu akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu alishafariki, Zai. Ng'ombe ni wangu sasa. Ila siwezi kuibadilisha."

Baba alicheka. Upande mmoja wa mdomo unakataa, ule mwingine ulicheka kwa niaba ya wote. "Safi. Kaa."

Masanja akakaa.

Nikadhani somo limeisha, nikaanza kunyanyuka nikamwekee mgeni maziwa kwenye kikombe. Nikaona kidole hakijashuka. Kinahama polepole, kinapita kwa shangazi, kinakuja mpaka kwangu.

Baba akasema, "Wewe wa dirishani. Sentensi."

Pale nilipokuwa hakuna dirisha, wakuu. Kuna mlango wa jiko, na baada yake ni ukuta mtupu.

Masanja alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Yeye alielewa. Shangazi hakuelewa, ikabidi nimweleze baadaye.

Siku nilipoingia darasa la sita, asubuhi kabla hatujatoka nyumbani, baba aliniambia, "Zainabu, shuleni mimi si baba yako. Na jina lako sitalitaja darasani, wasije wakasema mtoto wa mwalimu anapendelewa." Dawati langu lilikuwa la dirishani. Basi muda wote alionifundisha, wenzangu wote wana majina, mimi ni wewe wa dirishani. Niliichukia hiyo kitu. Nilimnunia njiani, na tukifika nyumbani ananiita Zainabu njoo ule kama hakuna kilichotokea.

Katika maisha yake yote ya ualimu hakuna mtoto mwingine aliyeitwa hivyo. Ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo anajua. Yuko humo ndani, na ananijua.

Nikaanza, "I look..." nikaishia hapo. Baba akangoja.

"Simama," akasema.

Darasani kwake ukikosa sentensi unasimama mpaka uipate. Nikasimama. Mtu mzima, receptionist, nimesimama uani kwetu Magomeni na kikombe kitupu mkononi, na Masanja anajifuta uso kwa kofia.

Sentensi iliponijia nilisema, "I look for my father."

Nilijua haijakaa sawa, ilitakiwa iwe "I am looking for". Kwa muda aliokuwa ananitazama nikadhani atanirekebisha.

"Safi," baba akasema. "Kaa."

Nikakaa.

Hayo ndiyo yaliyonikuta, wakuu.

Nilichojifunza: kama una mgonjwa wa hivi, usikae kwenye kitu unachokitaka wewe tu. Mimi nilikaa muda mrefu mlangoni kwa jina langu, nikimlilia atokee hapo, kumbe yeye alikuwa anapita mlango mwingine. Angalia kazi aliyoifanya kwa mdomo na mikono maisha yake yote, uanzie hapo. Mimi si daktari, mazoezi na kliniki tunaendelea kama kawaida. Hii ni ya nyongeza.

Sasa hivi nikiwa off somo ni kila asubuhi. Masanja huja akipata nafasi, na shangazi ameshapata sentensi yake, tena ana maringo nayo. Nikiwa Mikumi baba ananisomesha kwa simu, shangazi anamshikia sikioni. Juzi mgeni mmoja kaniuliza mbona naitikia Kiswahili kwenye simu huku nalia. Nikamwambia niko darasani.

Lakini nisiwadanganye, jioni bado nalitaka jina langu. Jua likizama nikiwa pale lodge kuna muda huwa naacha kila kitu nasikiliza, na ninajua kabisa sauti yake kutoka Kilosa haiwezi kufika.

Karibuni mchangie. Wenye matusi piteni kwa amani. Ila kama kuna mtu humu amemuuguza mzazi aliyepoteza maneno, naomba anijibu hili moja: wako, jina lako lilirudi?