Tunatumika Hapa

Mimi kusimamia watu sikufundishwa na mtu. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakipita mbele ya karakana yangu ya ushonaji pale Wandegeya, vitabu kwapani, wengine wanasomea hasa namna ya kuongoza watu kazini. Wakiingia kupunguziwa suruali wananikuta mimi, niliyeishia darasa la nne, naongoza chumba kizima cha mafundi, na nyumba nimeshajenga Kyebando. Nilizaliwa kambi ya polisi. Nilianza kwa kushona vifungo vya makoti ya askari nikiwa nimekalia debe. Ukitaka kumwona mtu aliyejiinua mwenyewe, nitazame.

Kambini nilirithi sauti. Kiswahili changu ni cha gwaride. Nikisema, "Wewe! Kola hiyo!" fundi anaruka. Na miaka ile ya utawala wa jeshi, Kampala nzima ilijua Kiswahili cha kufoka kinatoka wapi. Mtu akikisikia nyuma yake barabarani anatua mzigo kabla hajaulizwa. Mafundi wangu, wengi wao Waganda, walikuwa wakiniita Afande. Nilifurahi. Niliona hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Halafu nikamwajiri Mkongo.

Alikuwa mkataji, ametoka mashariki ya Kongo na mke, watoto na mkasi wake. Mkono kama ule juu ya kitambaa sijauona mwingine, ukiacha wangu. Nikamfanya msimamizi, maana mimi nilishinda mjini nikitafuta uzi, na uzi siku zile ulitafutwa kama dawa. Kila asubuhi alipita cherehani kwa cherehani akitoa mkono. "Jambo, ndugu. Mtoto amepona homa?" Wote wakamwita Papa, hata wale waliomzidi umri. Nikifika mlangoni nasikia kicheko ndani. Nikiingia, kicheko kinakatika kama uzi mbovu, zinabaki cherehani tu.

Hilo ningelivumilia. Kilichonikaa kooni ni hiki: mimi nikiwa ndani, cherehani zinakimbia lakini pindo zinakwenda upande, nusu ya kazi inafumuliwa. Akiwa yeye, wanapiga soga, na jioni mashati yamepangwa rundo, yamenyooka. Ningeona afadhali mke wangu asifiwe na jirani kuliko kuliona lile rundo.

Nikasema, kama ni mkono, hata mimi ninao. Asubuhi moja niliwahi, nikaenda kwa fundi wa vifungo, mtu mzima, mpole, nikamnyooshea mkono kwa sauti yangu ileile: "Haya! Leta!" Yule mzee akasimama, akapapasa mfuko wa koti, akaniwekea kiganjani tikiti yake ya kodi, ile ambayo wanajeshi walikuwa wakidai kwenye vizuizi vya barabara.

Nilimrudishia. Hakuna aliyecheka. Mkongo aliinamia meza yake ya kukatia, na mabega yake niliyaona yakicheka.

Baada ya hapo nikawa namvizia. Nilitaka neno moja tu la kumfukuzia.

Nikalipata mchana mmoja. Sajini mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa amekaa nami pale mbele akingoja suruali yake ya kazi ipigwe pasi. Pazia tu lilitutenga na chumba cha mafundi. Tukamsikia Mkongo anasema, kwa Kiswahili chao cha kule: "Siye bote tunatumika hapa. Hata bosi anatumika. Basi tutumike muzuri."

Damu ikanipanda. Kumbe ndivyo anavyowapata! Anawaambia wanatumiwa. Na mimi pia natumiwa, na nani?

Sajini alikuwa ameshaweka soda chini. "Mzee, umesikia? Hii mtu nachochea watu yako. Nibebe yeye?"

Kila mtu Kampala alijua maana ya kubebwa. Unaingizwa kwenye buti ya gari, na mkeo anazunguka akiuliza, na hakuna anayemjibu. Nami nilikuwa na neno langu, tena na shahidi mwenye bastola. Ilikuwa nitikise kichwa tu.

Lakini wivu nao una choyo chake. Nilimwonea wivu Mkongo. Nikaona nitamwonea wivu hata huyo atakayemchukua. Yule ni mkataji wangu. Kama ni kumfukuza, nitamfukuza mimi.

"Ngoja kwanza," nikasema. Nikavuta pazia. "Wewe! Nani anatumika hapa?"

Akasimama, mkasi mkononi, uso mweupe wa mtu asiye na habari. "Mimi, bosi. Natumika tangu asubuhi."

"Nani natumia wewe?" Sajini akauliza, ameshaingia nyuma yangu.

"Bosi. Ananitumikisha muzuri, afande. Hana shida."

Kila jibu lilikuwa linamzamisha. Sajini akamshika kola. Mafundi wakaacha cherehani, mikono juu ya meza, wazi, kama walivyozoea kuionyesha vizuizini.

"Kule kwetu nilitumika kwa Mubelgiji," Mkongo akaendelea, "nilitumika kwa misioni, hakuna aliyenifukuza kwa uvivu..."

Uvivu! Hapo nikashika. Mimi si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Mwache, afande!" nikatoa sauti ya gwaride yote niliyokuwa nayo, mpaka Sajini mwenyewe akageuka. "Wakongo wakisema kutumika ni kufanya kazi! Anasema tunafanya kazi hapa, hata mimi nafanya kazi. Anawahimiza!"

"Wewe najua aje?"

Kwa kweli nilikuwa nimejua muda huohuo. "Ni mtu wangu," nikasema. "Akiharibu, njoo unibebe mimi."

Sajini akawatazama mafundi. Yule mzee wa vifungo akainuka taratibu: "Papa iko nafanya kazi, afande. Kila siku."

Sajini akacheka, akaachia kola. "Basi na mimi natumika! Leta suruali." Akaivuta ikiwa bado na joto la pasi, akaondoka.

Mafundi wakamzunguka Mkongo. Wakamshika mkono mmoja mmoja, fundi wa vifungo akalia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, mimi niliyejiweka rehani, na hakuna aliyegeuka. Nikaenda kunywa soda ya Sajini.

Asubuhi yake Mkongo aliingia, akaacha cherehani zote, akaja kwangu kwanza. Mkono wake ulikuwa mkavu, mgumu pale mkasi unapokaa.

"Bosi," akasema, "tutumike?"

Nyuma yake mafundi wote wakaitikia, "Tutumike!" na mara hii nilikuwa ndani, na kicheko hakikukatika.

Sikumfukuza. Alirudi kwao mwenyewe baada ya miaka, na karakana imekua. Mpaka leo kazi kwangu haianzi mpaka nipite kila cherehani nitoe mkono, niseme neno lile. Wateja wananisifu, wanasema mzee, neno hilo umelitunga vizuri. Nawaambia asante.