Arlys Kubicek na Njia ya Juu

Watu wa Brodek wakianza kukumbuka mbio za Jumapili, kila mtu ana dereva wake wa kumsifia. Huyu atakuambia fulani alikuwa na mguu mzito kwenye mafuta, yule atakuambia fulani hakujua breki ni ya kazi gani. Upuuzi mtupu. Mtu aliyezifanya mbio zile zikawa mbio hakuendesha gari la mashindano hata siku moja. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye kofia pana ya mabua na lori la maji lisilo na mlango wa kushoto. Jina lake Arlys Kubicek.

Lori alilirithi kwa mumewe, Verlin. Verlin alipofariki mwaka 1971, kamati ya maonyesho ya wilaya ilikaa kikao kutafuta mtu wa kuutunza uwanja wa mbio. Wao wakiwa bado wamekaa, Arlys alishafika uwanjani, anamwaga maji. Hakuna aliyemwajiri, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Kazi yenyewe usiione ya kitoto. Uwanja wa Brodek ni mviringo wa nusu maili, udongo mweusi wa mfinyanzi, na jua la Agosti kwetu Iowa, Marekani, halina adabu. Arlys alianza Ijumaa. Aliulima udongo kwa trekta, akaumwagia maji mpaka ukashiba, akauacha unywe Jumamosi nzima. Jumapili asubuhi aliingia kwa miguu, akabonyeza kwa kisigino, akachukua donge akalinusa. Wengine wanaapa kwamba alikuwa analionja. Upande wa chini, karibu na nyasi za katikati, aliuacha ukauke kidogo. Upande wa juu, karibu na ukuta, aliulowesha vizuri. Utamu wote ulikuwa hapo. Njia ya chini ni fupi lakini inateleza. Ya juu ni ndefu lakini inashika tairi. Na iliyo nzuri saa nane mchana, saa tisa imeshaharibika. Dereva hakuwa na uhakika, kwa hiyo alijaribu huku, akajaribu kule, na watu walikuwa wanapitana kila kona.

Tena kulikuwa na desturi: aliyeshinda Jumapili iliyopita anaanza mkiani, na aliyemfuata anaanza mbele yake kidogo. Magari mabovu mbele, magari makali nyuma, haya, tuone mwanamume ni nani. Bibi zetu walipanda juu ya mabenchi na kolachi mkononi, yale maandazi yao ya mbegu za mipopi, wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Ah, siku zile! Ulirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye meno na huna la kulalamika.

Ukaja mwaka 1983, akaja naye Wendell Stroud. Huyu alikuwa muuza mashine za kuvunia mahindi, shati jeupe, viatu vyeupe, na ndiye tuliyemfanya mwenyekiti wa kamati. Hatukuwa na akili. Stroud hakupenda vumbi. Akaagiza uwanja ushindiliwe kwa rola zito la chuma mpaka uwe mgumu kama sakafu, na maji ya Arlys yapunguzwe. Vumbi likapungua kweli, lakini njia ya juu nayo ikafa. Ikabaki moja tu, ya chini, na wote wakajipanga humo. Waliokuwa na magari makali wakalalamika kwamba ukianzia nyuma huna pa kupita, ndipo Stroud akaifuta na ile desturi. Mwenye kasi akaanza mbele. Kuanzia hapo, aliyetangulia kuingia kona ya kwanza ndiye aliyebeba kombe.

Na aliyetangulia kila mara alikuwa nani? Gaylen Kubicek, mtoto wa pekee wa Arlys. Alishinda mara saba mfululizo mwaka 1984, na kadiri alivyoshinda ndivyo mabenchi yalivyokuwa matupu. Stroud akaona dawa ni kupiga lami. Kamati ilikuwa na watu watano: wawili walitaka lami, wawili hawakutaka, na wa tano alikuwa mwakilishi wa madereva, Gaylen huyo huyo.

Arlys alimfuata gereji, akamkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Baba, utaipigia kura lami?"

"Mama, si unajua. Kwenye lami gari linakaa safi. Sizibui rejeta kila wiki. Na ninashinda."

"Unashinda nini? Jumapili iliyopita nimekutazama nikapitiwa na usingizi."

Gaylen akatoka chini ya gari. "Ala! Mama, wewe uko upande wangu au wa nani?"

"Ndiyo maana nakwambia. Ungekuwa wa jirani ningekusifu nikaenda zangu."

Gaylen akacheka kidogo, akarudi chini ya gari, akaendelea kugonga. Arlys akaondoka. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameulea udongo ule, na sasa mkono wa kuufunika milele ulikuwa wa mwanawe mwenyewe.

Akaenda kwa Stroud. "Nipe Jumapili moja. Uwanja wangu, desturi ya zamani. Mbio zikiisha, pigeni kura yenu hapo hapo."

Stroud akakubali haraka mno, kwa kuwa alijua Gaylen hatapenda kuanza mkiani, na kura yake itaenda kwa lami. Tena akamwalika mtu wa kampuni ya lami aje siku hiyo na kamba zake za kupimia.

Jumapili ikafika. Udongo ulikuwa umelimwa, umeshiba, unanukia. Kilichobaki ni kuushindilia, na kazi hiyo tangu enzi na enzi ni ya madereva wenyewe: kabla ya mbio, magari yote yanazunguka polepole, tairi zinakanyaga tope mpaka linashikana. Lakini madereva ni watu wa ajabu. Wote wanataka njia ya juu wakati wa mbio, na hakuna anayetaka kwenda kuikanyaga, maana huko tope linaruka, linaziba rejeta, linafuta rangi mpya. Siku ile wote kumi na wanane, Gaylen akiwaongoza, wakajibana chini kwenye nyasi, wanazungukazunguka hapo hapo.

Arlys alikuwa anatazama kutoka kwenye lori. Akaona njia ya juu imelala teketeke, haijaguswa. Ikibaki vile, tairi zitazama tu, na itakuwa njia moja tena. Basi akawasha lori, akaliingiza uwanjani, akalikatisha kwenye kona, pua kwenye nyasi, mkia katikati ya njia. Akazima injini. Akatoa kolachi kwenye mfuko, akaanza kula.

"Bi Arlys! Toa hilo lori!" Huyo alikuwa Darrell Hingst, fundi wa kuchomelea, miaka sita anakimbia na hajawahi kushinda hata mara moja.

"Limezimika."

"Limezimika vipi, na mimi nimekuona ukilizima?"

"Basi macho yako mazima. Pita juu."

Gaylen akafika, kichwa nje ya dirisha, uso mwekundu. "Mama, unaniaibisha mbele za watu!"

"Pita juu, baba. Nafasi ipo."

Wangefanya nini? Wakapita juu, wanatukana, tope linawapiga usoni. Robo saa aliwazuia kona za upande huu, robo saa akahamia upande wa pili. Alipolitoa lori, magari yote yalikuwa rangi moja, na karibu na ukuta kulikuwa na njia nyeusi, imekaza, inang'aa.

Bendera ikashuka. Mizunguko thelathini. Gaylen alikuwa wa kumi na nane, na mizunguko mitatu ya kwanza alijaribu chini kwa mazoea, akateleza kama kila mtu. Wa nne akapanda juu. Mama yangu! Gari likaenda upande, mkia umeegemea ukuta, likawapita wawili kwa kona moja. Aliowapita wakamwiga, wakapanda juu nao, na chini kukawa wazi, wengine wakashuka. Sasa ikawa magari matatu sambamba, kila kona sura mpya. Watu waliokuwa wamekaa wakasimama. Yule mtu wa lami alikuwa juu ya benchi, kamba za kupimia zimemzunguka shingoni, anamshangilia mtu asiyemjua.

Mzunguko wa ishirini na sita Gaylen akashika uongozi. Wa ishirini na nane Darrell Hingst akatokea chini, bega kwa bega. Wakapokezana, huyu juu, huyu chini. Kona ya mwisho Gaylen akapanda juu zaidi, kidogo tu, tairi ya nyuma ikapanda kwenye tuta la udongo ambalo mama yake alilijenga chini ya ukuta kwa trekta, gari likasita. Darrell akampita, akashinda kwa nusu ya boneti.

Arlys alijikuta anaruka na kupiga makofi. Furaha hiyo haikudumu. Akakumbuka kura. Alikuwa ameuandaa uwanja kwa mikono yake ukamnyang'anya mwanawe ushindi, mbele ya wilaya nzima, na sasa anamngoja mwanawe huyo huyo amhurumie. Akajiona mjinga kupita kiasi. Akaketi kwenye ngazi ya lori.

Stroud hakupoteza muda. Akapanda jukwaani. "Wanaotaka lami, mikono juu." Mikono miwili. "Gaylen, tunakungoja wewe."

Gaylen alikuja anachechemea, tope tupu, macho tu ndiyo meupe. Akatema udongo.

"Nimeshinda mara saba mwaka huu," akasema. "Sikumpita mtu hata mmoja. Makombe yale nawekea misumari tu gereji."

"Kwa hiyo?" Stroud akauliza.

"Leo nimewapita wote kumi na saba. Na mmoja kanirudia, mshenzi yule." Akageuka, akamtafuta mama yake kwa macho mpaka akampata kule kwenye lori. "Mama! Jumapili ijayo Darrell anaanza mkiani?"

Machozi yalimtoka Arlys. Akafuta uso kwa kofia.

"Ndiyo, baba. Na wewe mbele yake tu. Umchunge."

Gaylen akaingiza mikono yote miwili mifukoni, akasimama pale jukwaani anamtazama Stroud, mpaka Stroud akazikunja karatasi zake za lami.