Pikipiki Ndefu ya Kasha

Mwaka wa 2019, nikiwa na miaka hamsini na mbili, mugongo wangu ulikataa. Tangu usichana nilibeba maharagi kutoka Kavumu mpaka mujini, kamba kwenye paji la uso. Siku moja nikainama chini ya mufuko, sikuinuka. Wenye restora waliokuwa wananunua maharagi yangu hawangoji mama mugonjwa. Bila pikipiki wangetafuta mwingine, na mimi ningekaa nyumbani nikilishwa na watoto. Hiyo nilikataa.

Kuendesha sikujua. Hata nikibebwa nyuma ya motari, wale wa pikipiki za kubeba watu, nilikuwa nafunga macho na kumuomba Bikira Maria.

Mwenye kujua pikipiki ni mume wa binti yangu. Lakini kwetu mukwe haketi karibu na mama wa bibi yake, sembuse kumushika. Alinifundisha kwa mbali, akitazama chini kama anaongea na barabara.

Siku ya kununua tulienda Kasha, mutaa wa mulimani; mwenye kuuza alikuwa na pikipiki mbili. Moja fupi, nzee, kiti kimepasuka. Ingine ndefu, nyekundu, inang'aa. Nikaonyesha nyekundu.

"Maman, ile fupi nayo iko na nguvu," mukwe akasema.

"Mimi nipite mujini juu ya kitu kama mbuzi?"

Akasogea kando. Mukwe habishani mara mbili.

"Jaribu, maman," mwenye kuuza akasema. "Hapa tunatelemukaka moteri imezimwa, esanse inabaki mu tanki. Freni ya kusimamisha iko."

Akanisukuma kidogo.

Miguu yangu haikufika chini. Hiyo niliijua wakati pikipiki imeshaondoka. Mvua ilikuwa imelowesha mulima. Nikakanyaga freni, gurudumu la nyuma likateleza upande. Nikaachilia, ikakimbia zaidi. Kule chini niliona ukuta wa matofali, na mbele ya ukuta mama ameketi na sombe yake, majani ya muhogo ya kuuza. Nikawaza: nitaua mutu, na mimi nitakufa kitambaa cha kichwa kimeanguka.

Nikasikia miguu inakimbia. Mikono ikanizunguka tumbo, ikanivuta nyuma. Pikipiki ikaenda yenyewe mu mufereji. Sisi tukaanguka mu matope, mimi juu ya huyo aliyenivuta.

Yule mama wa sombe akasema, "Bwana na bibi hawa, wanatafuta nini?"

"Mukwe wake huyo," mwenye kuuza akajibu kutoka juu. Mama akaziba kinywa.

Mukwe alikuwa amefunika uso.

"Maman, uchukue ile fupi," akasema, bila kutoa mikono.

"Nimesikia."

Kesho yake nilimutumia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili haya ya kushikana iishe.

Mpaka leo natelemuka polepole, moteri inawaka, na bado naogopa. Motari wananipita: "Maman, unasindikiza maiti?" Ninawaacha wapite.

Leo niko na nyumba ya mabati, shamba Kavumu, mbuzi, mizani yangu mwenyewe, pikipiki fupi ya kiti kilichoshonwa, na kaske mbili, kofia za pikipiki. Ya pili ni ya binti yangu, maana yeye anaweza kuketi nyuma.