Jiko Jipya la Mama Antonia

Paskalina alikuwa amechoka kupalilia kahawa ya watu. Amechoka, basi! Mwaka ule wa themanini na sita, Moloimet, msimamizi wa jiko kwenye kambi moja ya watalii huko Ngorongoro, alimwambia, "Mama Antonia, Jumamosi napita kuonja mkate wako. Mkate ukinipendeza, gari la kambi litakuwa linachukua mikate hapa kwako kila asubuhi."

"Njoo na njaa," Paskalina akamjibu, wala hakupepesa macho.

Jiko alikuwa nalo, la chuma, la kuni, lina oveni yake. Lilikuwa limetupwa nyuma ya nyumba ya meneja wa shamba, kutu tupu, akaliomba akapewa. Alilisugua kwa mchanga na brashi ya waya mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kupaka rangi akamwachia mumewe Kornelio, fundi gereji, mwenye ile rangi ya fedha wanayopaka ekzosi za Landrova.

"Nje tu, Baba Antonia," alimwagiza, akaenda zake mashineni kusaga ngano.

Lakini Kornelio akipenda, hajui kipimo. Alipaka nje, jiko likang'aa, moyo ukamtuma afungue na mlango wa oveni. Akapaka na humo, kuta zote, mpaka trei ya mikate.

Jumamosi asubuhi unga ulikuwa umeshaumuka. Kabla ya kuliingiza jiko ndani na kulifungia bomba la moshi, Paskalina akaliwashia moto palepale uani ili alijaribu. Lo! Harufu iliyotoka humo, kuku walihama uwanja.

"Baba Antonia! Umepaka na ndani?"

"Nilitaka lipendeze lote, mke wangu."

"Sasa Moloimet atakula mkate au ekzosi?"

Kornelio akanywea. Akasema wamtumie Moloimet salamu aje wiki ijayo.

"Wiki ijayo atakuwa ameshapata kwa mwingine. Mchagua jembe si mkulima, baba. Niletee sufuria kubwa."

Akaweka donge la unga ndani ya sufuria, sufuria juu ya mafiga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Akakaa hapo hapo, jasho likimtiririka, hataki kusemeshwa.

Moloimet alifika, akakata kipande, akakata kingine, akamaliza nusu mkate akiwa wima. Kisha akaliona jiko linavyomeremeta uani.

"Aisee! Kumbe siri ni hili jiko."

Kornelio akamkonyeza mkewe anyamaze. Wapi!

"Hilo halijachemsha hata chai," alisema Paskalina. "Huo mkate umetoka kwenye mafiga. Hilo likianza kazi, uje na gari kubwa zaidi."

Moloimet akacheka mpaka akashika mbavu, akasema gari litakuja Jumatatu.

Jumatatu mnyapara alimsubiri Paskalina kwenye mistari ya kahawa mpaka jua likapanda. Hakutokea. Alikuwa uani kwake, mikono kiunoni, akimsimamia mumewe akwangue oveni.