Bi Kitambaa na Moshi wa Rubani

Mtu akipita nyuma ya karakana ya mbao ya mtaani kwetu huona kamba iliyoanikwa vitambaa vyeupe, kila kimoja na doa lake katikati, akadhani pale anaishi mfuaji mvivu. Pale ni gereji ya shangazi yangu. Vitambaa ni vipande vya mashuka, na madoa ni moshi wa magari ya watu. Hili la rangi ya chai ni la lori la mchanga. Hili jeusi tititi ni la mwalimu wa udereva, ambaye filta yake ya hewa ilikuwa imeziba kwa vumbi. Na lile la katikati ya kamba, lenye mafuta mafuta, shangazi atakusimulia mwenyewe, wala hatakuacha uende mpaka umelinusa.

Ndiyo maana wanamwita Bi Kitambaa. Hafungui boneti kabla hajashika kitambaa nyuma ya ekzosi na kukinusa, huku amefumba macho. Moshi mweusi, anasema, gari linakula mafuta mengi kuliko hewa linayovuta. Mweupe usioisha, maji yameingia yasikotakiwa. Wa buluu, injini inaunguza oili yake yenyewe, na hapo ndipo kazi huanza, kwa sababu oili ina njia nyingi za kupotelea. Mafundi wengine humcheka. Wakikwama humletea magari, wamenuna, naye huwapokea kwa maneno mengi kuliko walivyohitaji. Shangazi ana kila kitu isipokuwa breki ya mdomo.

Ufundi aliuanzia kwenye chai. Alipokuwa msichana alikuwa akiuza chai katika gereji moja kubwa, anapita na birika katikati ya magari, na ile pua yake, ambayo tangu utotoni ilijua chungu gani kinaungua kabla mpishi hajajua, ikaanza kumchokoza. Akimmiminia dereva kikombe humwambia, "Gari lako linaunguza oili, kaka." Fundi mkuu alikasirika, akamfukuza kwa kumharibia wateja. Baada ya muda akamwita tena, akampa ovaroli lililomzidi urefu, akamwambia kama ni lazima aseme, basi aseme akiwa ameshika spana. Mpaka leo anasema na anashika.

Katika mtaa mzima ni dereva mmoja tu ambaye hakuwahi kukanyaga gereji yake: kaka yake wa damu, yaani baba yangu.

Baba ni dereva wa abiria. Gari lake ni la dizeli, refu, lenye viti vya nyuma vya kukunja. Asubuhi hulivusha mlima kwenda mji wa pili, na jioni hurudi. Mtaani wanamwita Rubani, na jina hilo alilipata kihalali. Barabara yetu inateremka kutoka duka la kona mpaka getini kwetu, na baba akifika pale dukani alikuwa akizima injini. Gari linateleza kimya, linampita kinyozi, linaipita nyumba ya jirani, linaingia getini na kusimama, tairi la mbele likigusa jiwe lile lile la siku zote. Alisema anaokoa mafuta. Uongo mtupu, alikuwa anaringa. Watoto walimpigia makofi, naye alishuka akijifanya hakuwaona.

Mtu pekee ambaye hakufurahishwa ni mama. Yuko jikoni anahangaika na masufuria, akigeuka anamkuta mume amesimama mlangoni. "Unaingia kama paka," alikuwa akimwambia. "Siku moja nitakurushia mwiko." Baba alicheka, na sisi tulicheka.

Zamani kidogo shangazi alimwambia baba, mbele ya watu, kwamba mchezo ule utaliua gari. Baba akamjibu, mbele ya watu wale wale, kwamba hawezi kufundishwa kuendesha na mtu ambaye yeye ndiye aliyemshikia tandiko la baiskeli asianguke. Tangu siku hiyo wakawa wanaelewana katika mambo yote ya ndugu, isipokuwa gari. Likihitaji huduma, baba alilipeleka huko huko mji wa pili. Kichwa kigumu ni cha ukoo wetu. Hata mimi ninacho, na sijutii.

Basi gari likaanza kufuka. Mwanzo ilikuwa kidogo tu, asubuhi akiliwasha. Kisha ikawa kila akikanyaga mafuta, wingu la buluu. Mlimani likaishiwa nguvu na kupiga mluzi mwembamba ambao abiria walidhani unatoka kwenye redio. Abiria wakaanza kuhamia magari mengine. Jirani yetu, mama anayefua nguo za watu, akaja getini na shuka mkononi. "Rubani," akasema, "hili nililianika jeupe."

Baba akajipimia ugonjwa mwenyewe. Alisimama mbele ya boneti, mikono kiunoni, akatoa hukumu: ringi za pistoni zimekwisha, injini imekufa, na gari la umri ule halistahili kufunguliwa injini. Akampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu, wakakubaliana aje Jumamosi mchana kulivuta. Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye kochi.

Naomba nieleweke. Baba yangu hakujua kukaa kwenye kochi. Alikaa ukingoni, funguo mkononi, kama abiria anayekaribia kushuka. Akaniuliza ninashona nini. Mtu ambaye hajawahi kuuliza cherehani yangu inafanya kazi gani alikaa akanitazama nikitia zipu kwenye sketi, tangu mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ndivyo." Niliumia moyoni kweli kweli. Nikaona gari lile likiondoka litaondoka na baba tuliyemzoea, tubaki na mzee wa kuuliza habari za zipu.

Jumamosi asubuhi nikamwambia mama nakwenda kwa shangazi. Mama hakugeuka. "Chukua foronya," akasema. "Ile nyeupe. Mashuka yangu alishayamaliza."

Shangazi alifika amevaa gauni la kutokea, mkoba begani, foronya imekunjwa kwapani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Kwani ni lazima niitwe? Nimekuja kuliaga gari. Si ndilo lililonikimbiza hospitali siku ya kujifungua? Hebu liwashe, nilisikie sauti mara ya mwisho."

Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Lakini nani atamkatalia mtu kuaga? Akaingia, akawasha, na uwanja wote ukajaa buluu. Shangazi akazunguka nyuma, akaikunjua foronya na kuishika mbele ya ekzosi kwa mikono miwili. Akanusa. Akageuza upande wa pili, akanusa tena.

"Huko siyo kuaga," baba alisema dirishani.

"Kila mtu na anavyoaga. Liache liungurume."

Akafungua boneti, akakizungusha taratibu kile kifuniko cha kujazia oili na kukiondoa. "Ringi zingekuwa zimekwisha," akasema, "hapa pangefuka kama jiko la kuni. Njoo uweke kiganja." Baba alishuka shingo upande, akaweka kiganja juu ya tundu. Kilichotoka ni pumzi kidogo na tone la oili. Akajifuta kwenye suruali.

"Sasa zima. Tungoje lipoe."

Tulingoja. Mama alileta chai, akampa wifi yake kikombe, wakatazamana, na hapo nikajua kumwita shangazi hakukuwa wazo langu peke yangu. Gari lilipopoa, shangazi alitoa bisibisi kwenye mkoba wa kutokea, akalegeza mpira mnene unaopeleka hewa kwenye turbo, akauvuta. Ndani ulikuwa unang'aa kwa oili. Pale ulipotoka palionekana kigurudumu kidogo chenye mapezi.

"Turbo ndiyo inayoisukumia injini hewa," aliniambia mimi, ingawa aliyekuwa anafundishwa ni mwingine. "Hicho kigurudumu kinapaswa kukaa imara. Kaka, kishike ukitikise."

Baba aliingiza vidole. Nikamwona anakunja uso, anatikisa tena, pole pole.

"Kinacheza."

"Kama jino la mtoto. Shafti inayokibeba imelika, oili inapita pembeni, inavutwa mpaka ndani ya injini, inaungulia humo. Huo ndio moshi wako, na huo ndio mluzi wako. Injini ni nzima, kaka. Kilichokufa ni turbo tu."

Wakati huo huo mnunuzi wa vyuma chakavu akaingia getini na gari lake la kuvuta, akashuka na mnyororo begani. Hakuna aliyemkaribisha. Jirani wa nguo alikuwa ameshaegemea ua, na kinyozi amevuka barabara na mkasi mkononi, kamwacha mteja na nusu ya kichwa.

Baba alikuwa bado ameinama. "Imekufaje?" akauliza. "Oili nabadilisha kwa wakati. Mzigo sizidishi. Imekufaje?"

Swali hilo shangazi alilingoja miaka. Nililiona jibu likipanda kifuani mpaka mdomoni. Jibu tulilijua sote, na kinyozi alishaanza kulichekea. Nikasema moyoni, leo baba ataumbuka mbele ya mtaa, na baada ya hapo hata gari likipona, hao wawili hawaponi.

Shangazi akameza mate. Akainama upande wa chini, akafungua kibomba kidogo kinachorudisha oili kutoka kwenye turbo, akampa kaka yake mkononi. Kilikuwa kimezibwa na kitu cheusi, kikavu.

"Huo ni ukoko," akasema kwa sauti ya chini. "Turbo inazunguka kwa kasi mno, na ina moto. Oili inayopita ndiyo inayoipoza. Mtu akitoka mlimani akazima papo hapo, oili inaacha kupita na moto bado upo. Iliyobaki humo inaungua, inaganda, inaziba njia."

Alisema "mtu". Hakusema "wewe". Baba alikitazama kile kibomba, kisha akainua macho kuitazama barabara, mpaka juu, kwenye duka la kona.

"Sema," akamwambia dada yake.

"Nimeshasema."

"Yale ya siku ile. Sema, una haki."

"Siku ipi? Mimi sikumbuki."

Shangazi yangu, anayekumbuka moshi wa kila gari lililowahi kupita mikononi mwake, alisema hakumbuki. Baba alimkazia macho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia boneti, na machozi yakamtoka, na sidhani kama yote yalikuwa ya kicheko. Akamgeukia yule wa mnyororo. "Bwana, samahani sana. Gari haliuzwi."

Bwana alibwata kidogo kuhusu watu wa kupotezeana muda. Shangazi, breki imeshaachia, akamwuliza kama anajua klachi ya gari lake inanuka kuungua tangu getini. Bwana akaondoka na mnyororo wake. Jumatatu alikuwa gereji, wa kwanza kwenye foleni.

"Nitakufungia turbo nyingine, bomba safi, oili mpya," shangazi alimwambia baba. "Ila nina sharti."

"Najua. Nitalizima hapa hapa getini."

"Haitoshi. Ukifika unakaa ndani, injini inaunguruma taratibu mpaka turbo ipoe kidogo. Na kwa kuwa sikuamini, wewe huzimi. Wifi ndiye atakayetoka kukwambia zima."

"Mimi?" mama aliuliza, mwiko mkononi.

"Wewe."

Jioni ya kwanza baada ya matengenezo nilikuwa jikoni na mama, namenya vitunguu. Mlio wa dizeli ukasikika kule juu dukani, ukashuka, ukampita kinyozi. Mama akasimama wima, mkono umebaki juu ya sufuria. Sikuwahi kumwona hivyo. "Amefika," akasema, na hakuwa ananiambia mimi. Akaweka mwiko, akajifuta mikono, akatoka mbio mbio kama msichana.

Baadaye aliniambia. Miaka yote ile, kila jioni, hasa mvua ikinyesha mlimani, alikuwa akitega sikio kwa gari lisilosikika. Majirani walisikia waume zao wakifika. Yeye hakujua kama wake yu hai mpaka amwone mlangoni. Sisi tulidhani anachukia kushtuliwa, tukacheka.

Watoto walisusa kupiga makofi kwa siku chache, wakasahau. Mama, mwanzoni, alikuwa akisimama dirishani kwa dereva, mikono nyuma, anangoja muda upite. Kisha akaanza kufungua mlango wa pili na kukaa kiti cha mbele. Sasa hukaa humo na vazi la jikoni, wanaongea, injini inaunguruma, na yule bwana wa kuokoa mafuta wala hayataji mafuta.

Foronya imeanikwa katikati ya kamba ya gereji, doa lake la mafuta linaonekana toka barabarani. Juzi jioni shangazi alipita kwetu, akashika kitambaa kipya nyuma ya ekzosi, akanusa, akakikunja kikiwa kisafi. Akagonga bati la gari.

"Jamani, imeshapoa zamani! Mnaweza kuzima!"

Mama alimtazama, akapandisha kioo.