Mipopla Arobaini ya Ergash

"Tegeni masikio, enyi watu wa mfereji wa juu na wa mfereji wa chini! Anasimama mbele yenu Ergash mwana wa Mamat, aliyeiona biashara yake miaka ishirini na saba kabla haijazaliwa! Sisi wengine tunapanga chakula cha jioni. Mwenzetu kapanga karne!"

Aliyekuwa akibwata hivyo ni Mzee Kobil, mpiga mbiu wa harusi na misiba, ambaye hulipwa kwa nyama, na kwa hiyo sifa zake hulingana na ukubwa wa sufuria. Sufuria la pilau siku hiyo lingetosha kumwogeshea punda.

Ergash akaweka mkono kifuani, akavimba. Nyuma yake miti arobaini ya mipopla ilisimama wima, mirefu, minene, kama askari wasiowahi kupigana.

Katika bonde la Fergana, mtoto wa kiume akizaliwa baba yake hupanda mipopla. Kijana akiota ndevu, miti nayo imefikia unene wa boriti: inakatwa, nyumba inaezekwa, bibi harusi anaingia. Hata mbuzi wa kule wanalijua hilo. Lakini Ergash aliona hayo ni mawazo ya watu wadogo. Mkahawa wake wa chai ulikuwa na vitanda vitatu vya kukalia na birika lililopinda pua, ila kichwani mwake mlikuwa na ukumbi wa harusi wa ghorofa mbili: chini wageni mia tano, juu vyumba vya mwanawe Tohir. Ukumbi wa namna hiyo hautaki boriti nyembamba.

"Tukate basi," mkewe alimwambia Ergash siku Tohir alipoota ndevu.

"Biashara kubwa haikurupushwi, mama Tohir."

Tohir akafuga ndevu, akazinyoa, akazifuga tena. Jibu lilikuwa lilelile. Mvua ikipenya paa la mkahawa, wateja walikunywa chai iliyoongezewa maji na Mungu mwenyewe.

Ng'ambo ya mfereji aliishi Hosiyat, mjane. Mipopla yake aliipanda wiki ileile Ergash alipopanda yake, kwa ajili ya mwanawe Sardor, na siku ya kupanda alitangaza mbele ya majirani: mtoto akitimiza miaka kumi na tano nakata, naezeka duka la mikate, mashina yakichipua, nakata tena akitimiza ishirini na tano, naongeza nyumba. Akafanya hivyo hivyo. Maisha ya kuchosha kabisa, hayana hata kisa.

"Dada Hosiyat, umekata vitoto vya miti!" Ergash alimcheka. "Wewe mchuuzi tu, hutafika popote."

"Kweli, kaka Ergash. Niko hapa hapa, chini ya paa."

Sasa Tohir alimtaka Oydin, binti wa fundi mwashi aitwaye Hamdam. Naye Hamdam alikuwa amesema wazi: "Binti yangu siozeshi kwenye kivuli. Boriti zikilala chini msimu huu, tunavunja mkate wa uchumba. Zisipolala, mwanangu anakwenda kwingine."

Ndiyo sababu ya sherehe hii. Mikate miwili ya uchumba, ya moto, kutoka duka la Hosiyat, ililala juu ya kitambaa ikisubiri mti wa kwanza uanguke ndipo ivunjwe. Tohir alishika msumeno mwenyewe, kwa pupa ya mtu aliyesubiri mno.

Msumeno uliingia kama kisu kwenye tikiti lililoiva. Mti ukaanguka bila kishindo cha maana, na katikati yake mkamwagika unga wa kahawia. Kisha wakatoka funza weupe, wanene, wenye afya njema kuliko wageni wote.

"Wa pili!" Ergash alifoka.

Wa pili ulikuwa tundu. Wa tatu pia. Walipofika wa kumi, watoto walishaanza kuwaokotea kuku wao funza.

"Baba," Tohir alisema, akauachia msumeno, "ukumbi wako umeshapata wageni mia tano."

Watu walicheka hadi wakashika magoti. Hamdam hakucheka. Aliiokota ile mikate miwili, akaipuliza vumbi, akaifunga vizuri kwenye kitambaa.

"Mkate hautupwi," alisema. Akavuka mfereji. Sardor, ambaye naye alikuwa hajaoa, alikuwa mlangoni pa duka, bado mikono ina unga wa ngano, na kila mtu alisikia mkate ulivyovunjika kule: kwa sauti kali, safi, kama tawi kavu lisilooza.

Wageni wakaanza kuvuka nao, mmoja mmoja. Kwa Hosiyat kulikuwa na paa, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Alibaki Mzee Kobil, maana pilau ilikuwa bado upande huu.

"Ndugu Ergash," aliuliza akijipimia nyama, "miaka ishirini na saba ya mipango! Hebu niambie niwatangazie watu: ulipanga kuikata lini hasa?"

Ergash alimtazama funza aliyekuwa akipanda kiatu chake.

"Hilo sikulipanga."