Jicho Lililobaki

Hapa mtaani Mabanga, nyuma ya meza yangu ya chai, wanawake huvunja mawe ya volkano kuwa kokoto. Hukaa duara, uso kwa uso, ili hadithi imfikie kila mmoja. Vipande vya mawe navyo humfikia kila mmoja, lakini hilo halisemwi.

Mwaka jana kipande kilimtoa Emerance jicho la kushoto. Kilitoka chini ya nyundo ya Uwamariya, shoga yake wa miaka mingi. Emerance hakumlaumu hata kwa neno moja. Daktari alimpa miwani mikubwa ya kazi, akamwonya kwamba na la kulia likienda, basi tena. Emerance ni mjane, binti yake kaolewa Rutshuru wala haji. Nani angemshika mkono?

Kwa hiyo alirudi kazini amevaa miwani. Wenzake walimtania, wakamwita mama wa ONG, kana kwamba ni wa mashirika ya misaada, na hayo yangepita. Uwamariya ndiye hakucheka. Asubuhi moja aliweka nyundo chini.

"Ile miwani unavalaka kwa sababu yangu," alisema. "Kila nikikuangalia, naona kile nilifanya."

"Hapana, Uwamariya. Ni munganga wa macho alisema."

Uwamariya akahamisha mawe yake, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyegombana. Emerance akabaki peke yake na lundo lake, jicho salama. Mimi niliudhika, nikatamani kuwamwagia chai ya moto. Tangu siku hiyo Emerance alikuwa akinunua kwangu chai asiyokuwa na hamu nayo, apate tu mtu wa kumwambia kwamba mvua imechelewa. Kila jioni alirudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayemwitikia. Upweke ulimkondesha nikiona kwa macho yangu.

Juzi alipita mezani kwangu miwani ikiwa mfukoni, akaenda kuketi mbele ya Uwamariya kabisa. Uwamariya alimsogezea tu jiwe la kukalia, na hadithi ya mume mlevi wa jirani ikaendelea.

Nilimfuata na kikombe, hasira zimenipanda. "Mama Emerance, hauogope?"

"Naogopa," alisema. "Lakini kule peke yangu nilikuwa naogopa zaidi."

Uwamariya aliinua nyundo. Emerance alifumba jicho, nyundo ikatua, akalifumbua na kuwatazama wote mmoja mmoja, kisha akacheka nao.